Chumba cha Sauti Zilizokwama

Chumba kile hakikuwa na dirisha. Zamani kilikuwa nalo, kwa sababu nyumba ilijengwa kwa ajili ya familia, lakini waajiri wetu walipoikodi waliliziba kwa mbao, wakabandika sponji la magodoro juu ya mbao, na juu ya sponji wakapanga trei za mayai kutoka sakafuni hadi darini. Walitaka malori yanayopeleka kokoto kwenye uwanja mpya wa ndege yasisikike. Basi Msalato yote ikabaki nje, vumbi lake, upepo wake wa mchana unaobamiza mabati, mama wa karanga aliyekaa langoni, na sisi wawili tukabaki ndani na sauti za watu tusiowajua.

Mwenzangu alikuwa mama mstaafu aliyepiga chapa kumbukumbu za vikao vya serikali karibu maisha yake yote ya kazi. Vidole vyake vilikimbia hata pale macho yake yalipokuwa yamefumbwa. Mimi nilikuwa na hadithi ndefu isiyokwisha nyumbani, kurasa nyingi ambazo rafiki zangu wa kikundi cha kusomeana walizisifu kwa adabu. Walisema mazungumzo yangu yalikuwa makavu, kwamba watu wangu wote walizungumza kama mimi. Nilipoiona kazi ya kusikiliza sauti na kuziandika nikaona nimeletewa shule. Nitakaa, nitasikiliza Watanzania wakizungumza kutwa nzima, na bado nitalipwa.

Siku ya kwanza msimamizi wetu, kijana mpole wa rika langu aliyevaa shati lililonyooshwa hata siku za joto kali, alinipa mkataba. Nisitoe sauti yoyote nje ya chumba. Nisimtafute mpigaji yeyote. Nisiingie na simu, daftari wala kalamu. Simu ziliwekwa kwenye sanduku la bati mlangoni, na ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Nilisaini nikiwa nimesimama.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Siku hizi kila mahali kuna mashine inayosikiliza. Kampuni ya mabasi ina mashine inayomuuliza abiria anakwenda wapi. Hospitali ina mashine inayoandika anachosema daktari akiwa bado amesimama kando ya kitanda. Benki ina mashine inayomtambua mteja kwa sauti yake badala ya namba ya siri, mahakama inayo ya kuandika ushahidi, na wafugaji wana namba ya kupiga, waseme mnyama ana nini, mashine iwaunganishe na mtaalamu. Mashine zinapoelewa, mambo huishia huko huko. Zikishindwa, sauti ile huhesabiwa kuwa imekwama, na baada ya siku mbili au tatu huletwa kwetu. Tunaisikiliza, tunaandika kila neno, tunaweka alama ya alichotaka mtu, ili siku moja mashine ijifunze. Sauti zilizofanikiwa hatukuzisikia kamwe. Kwetu nchi nzima ilikuwa watu wasioeleweka.

Nilimsikia abiria aliyeulizwa anakwenda wapi akajibu kwa mama, na alipoulizwa tena akajibu kwa upole zaidi, kwa mama, anaumwa. Nilimsikia daktari akitafuna kitu huku akieleza kidonda. Kulikuwa na mteja wa benki mwenye mafua, sauti imekwaruza, mashine ikimwambia kila mara kwamba yeye siye, naye akibishana nayo, mwishowe akataja jina la baba yake na la babu yake kana kwamba yupo mbele ya wazee. Nilikuwa nawapenda wote. Kwa kuwa sikuruhusiwa kalamu, niliwakariri. Nilirudi nyumbani kwa bodaboda midomo ikinichezacheza, nikifika nawaandika kabla sijavua viatu. Wizi ule niliuita kujifunza.

Mashine ya wafugaji ndiyo iliyokwama kuliko zote, na sababu yake ilinichukua wiki nzima kuiona, mimi niliyezaliwa na kulelewa hapa hapa.

Mashine ilisema, karibu, eleza tatizo la mifugo yako. Kisha ilisubiri sekunde kumi na mbili. Isiposikia tatizo, ilisema samahani, sijakuelewa, tafadhali piga tena, ikakata. Lakini huku kwetu hakuna mtu anayeanza na tatizo. Unasalimia kwanza. Na salamu si neno moja, ni kwenda na kurudi, unauliza unajibiwa, unaulizwa unajibu, nyumbani, watoto, mvua, mifugo, mpaka pande zote mbili zijue zimekutana. Aliyeuliza hawezi kuendelea kabla hajajibiwa. Kwa hiyo mfugaji wa Kigogo alipiga, akasalimia, akanyamaza kungoja jibu. Mashine nayo ikanyamaza kungoja tatizo. Wote wawili walingojana kwa heshima mpaka sekunde zikaisha.

Maelekezo yetu kuhusu salamu yalikuwa wazi. Salamu si ujumbe. Tuzikate, tubaki na maneno yanayofaa. Faili yenye salamu peke yake iwekwe alama ya kelele, mahali pamoja na honi, mbwa na redio.

Mama mstaafu alicheka nilipomlalamikia. Alisema yeye amepiga chapa hotuba za wakubwa miaka na miaka na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsalimia, kwa hiyo hao wanaosalimia mashine ni watu wa kheri sana. Kisha akaendelea kukata.

Kisha mama mmoja wa mbuzi alinijia asubuhi ya Jumatatu, faili ya nne au ya tano. Sauti ya mtu mzima, yenye mkwaruzo wa chini, isiyo na haraka. Alisema mbukwa, salamu yetu ya Kigogo. Akangoja. Nyuma yake jogoo aliwika na kitu kikakohoa. Akasema, mbukwenyi huko, za asubuhi, watoto hawajambo? Akangoja tena, kwa muda mrefu zaidi. Mvua imewafikia? Kikohozi kile kikarudi, kikavu, na safari hii nikatambua kwamba si mtu anayekohoa. Samahani, sijakuelewa, ikasema mashine.

Niliweka alama ya kelele. Ninalisema hilo kwa sababu ni kweli.

Faili iliyofuata ilikuwa yeye tena, amepiga siku ile ile. Alisalimia vile vile, kisha akasema labda mna wageni, nitapiga baadaye, akakata yeye mwenyewe kabla ya mashine. Jumanne zikaja mbili. Katika moja alifika mbali kidogo. Alisema yuko ng'ambo ya reli, ukishapita Gulwe, kwamba bwana mifugo yuko masomoni na aliacha namba hii imebandikwa kwenye josho, na kwamba mbuzi hawa si... Hapo ikakatika. Nyuma yake treni ilikuwa inapita.

Nilikuwa nimeanza kuzitafuta sasa. Nilipitisha faili za watu wengine haraka, nikijua nawakosea, mpaka nimfikie yeye. Sikuhitaji mtaalamu. Nimekua na mbuzi kwa bibi yangu, na kikohozi kile, na alivyosema katika moja ya sauti zile kwamba wanasimama wametanua miguu na shingo wameinyoosha mbele, kilikuwa homa ya mapafu. Ukiiwahi ina dawa. Ukichelewa inapita zizi zima. Na mimi nilikuwa nasikiliza siku tatu nyuma yake. Kila nilichojua kuhusu mbuzi wale kilikuwa kimeshapita.

Nilikwenda kwa msimamizi. Alinisikiliza vizuri, hata akatoa kiti. Akaniambia namba za wapigaji hazifiki kwetu kabisa, zinafutwa huko huko zinakotoka. Akasema atawaandikia wenye mashine, na kweli aliandika, nilimwona. Jibu lilirudi papo hapo: tumepokea ujumbe wako, tutakujibu ndani ya siku saba za kazi. Lilikuwa limeandikwa na mashine nyingine.

"Dada, sisi hatujibu simu," aliniambia. "Sisi tunaisaidia mashine isikie. Ikishasikia, watu kama yeye watapona wengi."

"Na yeye?"

Alinyoosha mikono ya shati lake. Alisema ikiwa tutaanza kumfuata mmoja, tutawafuata wangapi. Kilichonikera ni kwamba alikuwa mpole na hakuwa mjinga.

Alhamisi zilikuja faili zake nyingine. Yule mama alikuwa amejifunza kitu. Alisalimia mara moja tu, hakungoja, akaanza kusema, na mashine ilipokata akapiga tena na kuendelea pale pale alipoishia, kama mtu anayepita mto kwa kurukia mawe. Nilizisikiliza sauti nne mfululizo. Mbuzi si wake. Ni wa kutunziwa. Mwenyewe anakaa Mpwapwa mjini, amewaacha kwake tangu mvua za mwaka juzi, yeye anakamua maziwa na kuwaangalia, kama wazazi wake walivyotunzia wengine. Mnyama wa kutunza akifa, unamwonyesha mwenyewe ngozi, na unamwambia ulifanya nini. Mwenyewe alikuwa amesafiri, simu yake haipatikani. Saba wameshakufa. Mwenyewe anarudi Jumamosi.

Katika sauti ya mwisho alizungumza polepole sana, kwa Kiswahili cha kuchagua, akipima kila neno.

"Ngozi ninazo. Lakini ataniuliza, ulimwambia nani? Nitasema nilipiga simu. Atasema, simu gani isiyojibu? Wewe unayesikia, kama upo, naomba iandikwe kwamba nilipiga."

Mashine ikasema haijamwelewa.

Nilivua hedifoni. Chumbani kukarudi kimya kile cha sponji, kimya kinachokandamiza masikio. Mama mstaafu aliniuliza nina nini. Nikamwekea sauti ile asikie. Aliisikiliza akiwa amefumba macho, vidole vyake vikachapa hewani bila kugusa kitu. Alipomaliza alisema, "Mwanangu, huyo anaomba kumbukumbu. Hiyo ndiyo kazi yangu ya miaka yote, na hapa siwezi kumpa."

Tulikwenda wote wawili kwa msimamizi kuomba karatasi moja tu, isemayo kwamba mtu alipiga siku fulani na fulani. Alikataa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba akitoa karatasi hiyo kila mpigaji atakuwa na haki ya karatasi, na kwamba yeye pia ana mtu juu yake, na huyo naye ana mwingine. Aliongea akitazama ukuta wa trei za mayai. Nilimwona naye amefungiwa mle, na yeye ndiye aliyeushika ufunguo.

Jumamosi nilipanda basi la kwanza la Mpwapwa. Pale stendi nikachukua bodaboda hadi Gulwe, nikavuka reli kwa miguu. Sikuwa na jina wala sura ya mtu ninayemtafuta. Niliuliza mama anayetunza mbuzi wa mtu wa mjini, waliougua, na mwanamke aliyekuwa anachota maji akaninyoshea kidole nyumba yenyewe.

Yule mama alikuwa amekaa nje ya nyumba, kando ya boma la miiba, ngozi zimewambwa juani pembeni. Mdogo kuliko sauti yake. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nilikotoka, za njiani, za wazazi, za mvua ya kwetu, na mimi nikajibu moja moja na kuuliza zangu. Tulichukua muda wetu. Nilikuwa naitambua kila pumzi yake, hata ninajua wapi atameza mate, naye hakunijua kabisa. Nilijiona mchawi.

Salamu zilipokwisha nilimwambia mimi ni nani. Nilimwambia kuna chumba Msalato ambako simu zake zilifika, na mimi ndiye niliyezisikia.

"Zote?"

"Zote, mama."

"Ulinisikia nikisalimia?"

"Nilikusikia."

Alitazama ngozi zile. "Basi ulisikia ukanyamaza," alisema. Hakupandisha sauti. Nilijaribu kueleza, siku tatu, namba zilizofutwa, mkataba, na kila nilichoeleza kilikuwa kweli na hakikusaidia. Alisimama akaenda kuwapa maji mbuzi wanne waliobaki. Mmoja wao bado alikuwa amenyoosha shingo.

Mwenye mbuzi alifika karibu na saa sita, mtu mzima mwenye kofia ya pama, pamoja na jirani mmoja wa kusikiliza, kama inavyotakiwa. Walisalimiana, wakaketi. Yule mama alimwonyesha ngozi moja moja, akaeleza ugonjwa ulivyoanza. Mwenyewe alizigeuza, akazinusa, hakubisha kuhusu ngozi. Kisha akauliza lile ambalo mama alikuwa ameliogopa: siku zote hizo ulimwambia nani?

"Nilipiga namba ya kwenye josho. Huyu binti alisikia."

Akanigeukia. Nikasema ni kweli. Akaniuliza, kwa adabu lakini kama mtu aliyezoea kununua vitu sokoni, kama ninayo hiyo sauti tuisikie. Nikasema imefungiwa Msalato na siruhusiwi kuitoa. Akatabasamu, akamtazama jirani. "Sauti nayo inafungiwa," alisema. "Na wewe umelipwa nini kuja kusema hivi?"

Hapo niliona yatakavyokwenda. Nilikuwa nimekuja kumsaidia, na sasa nimemfanya aonekane mtu aliyemtafuta shahidi wa kununua. Yule mama alikuwa ameinamisha kichwa. Sikuwa na karatasi, sikuwa na simu yenye kitu, nilikuwa na kile nilichokuwa naiba kila siku. Nikaanza kuisema simu yake ya kwanza.

Niliisema kama ilivyokuwa, kwa mwendo wake. Mbukwa. Nikangoja kama alivyongoja. Yule mzee aliitikia. Sidhani kama alikusudia, salamu ilikuwa imeachwa wazi mbele yake na mdomo ukajibu wenyewe. Mbukwenyi huko, za asubuhi, watoto hawajambo? Akajibu hawajambo. Mvua imewafikia? Akafungua mdomo, kisha akanitazama na kuufunga, kwa sababu alikuwa ameanza kuelewa. Nikaendelea na ukimya wa mwisho, wote, mpaka jirani akasogeza miguu. Kisha nikasema kwa sauti bapa ya mashine: samahani, sijakuelewa, tafadhali piga tena.

Nikasema ya pili, ile ya wageni. Nikasema ya treni. Nilipofika zile nne za mwisho sikuzipunguza, nikakata pale mashine ilipokata, katikati ya maneno, na kuanza tena. Nilisema mpaka naomba iandikwe kwamba nilipiga. Yule mama alikuwa amejifunika mdomo kwa pindo la kanga, na sikujua kama ni huzuni au aibu ya kusikia siri zake zikitoka kwa mtu mwingine.

"Haikumwitikia hata mara moja?" aliuliza yule mzee.

"Hata moja."

Aliinuka akaenda kwenye boma, akawaangalia wale wanne muda mrefu. Akamshika yule mwenye shingo iliyonyooka, akamwachia. Aliporudi alimwambia mama kwamba ngozi amezipokea, hana neno naye. Kuhusu wanne hao, akasema atakuja na dawa Jumatatu, na wakipona wabaki hapa hapa. Jirani aliitikia kwamba amesikia. Kwa desturi yetu hapo jambo limekwisha.

Yule mama hakunishukuru, na sikutegemea. Aliponisindikiza hadi relini aliniuliza kama nitarudi kwenye chumba kile. Nikasema Jumatatu. Akauliza kama siku akipiga tena nitaitika. Nikasema hapana, mama, nitasikia tu, na nitasikia nimechelewa.

"Kumbe mashine inataka mtu aanze na ugonjwa," alisema. "Kama mtu asiye na kwao."

"Ndiyo."

"Haya. Nimeelewa."

Nilirudi Jumatatu. Nikaiacha simu kwenye sanduku la bati, nikavaa hedifoni. Nina kodi ya kulipa na hadithi isiyokwisha, na sikuwa na pengine pa kwenda, huo ndio ukweli mtupu. Mama mstaafu aliniuliza kwa macho, nikaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye faili yake. Tulipatana jambo moja bila kulisema kwa msimamizi: salamu hatuziwekei tena alama ya kelele. Tunaandika, mtu anasalimia, anangoja kujibiwa. Faili hizo hurudishwa kutoka juu zikiwa na alama nyekundu, tunaziandika upya vile vile, zinarudishwa tena.

Yule mama sijamsikia tangu siku hiyo. Kila asubuhi nikifungua foleni ya wafugaji natega sikio nikitafuta mkwaruzo ule wa chini. Huenda hana sababu ya kupiga, mbuzi wamepona. Huenda ameiacha kabisa namba ile. Au anapiga, anataja ugonjwa moja kwa moja bila mbukwa wala habari za mvua, na mashine inamwelewa mara ya kwanza, na kwa hiyo haletwi kwetu. Nakaa mle ndani, kati ya trei za mayai, na ninashindwa kujua lipi kati ya hayo ninalolitamani.